Uzi wa Zambarau Kwenye Feni

Feni ya kompyuta yetu ilikufa kidogo kidogo. Kwanza ilipiga mluzi mwembamba, wa aibu, kama mtu anayepita mbele ya wakubwa. Baada ya wiki chache mluzi ukawa mkwaruzo, kama kijiko kinachokwangua ukoko sufuriani. Mwisho, alasiri moja ya kiangazi, katikati ya sentensi niliyokuwa nikiihangaikia tangu nirudi kufundisha, ikanyamaza kabisa.

Nilifurahi. Mjinga mimi, nilidhani imepona.

"Alhamdulillah," mama akasema kutoka upande wa pili wa pazia, bila kusimamisha cherehani yake. "Leo nitasikia redio."

Dakika kumi baadaye skrini ikawa nyeusi. Nikagusa kasha la kompyuta, nikaondoa mkono haraka. Lilikuwa na moto wa pasi. Nikasubiri lipoe, nikawasha tena, nikapata dakika sita. Mara ya tatu nikapata nne. Ndani ya kasha lile mlikuwa na riwaya yangu ya kwanza, miaka mitatu ya maisha yangu, na sasa nilikuwa naruhusiwa kuitembelea dakika nne nne, kama mtu anayekwenda kumwona mgonjwa hospitalini.

Tulikuwa tunaishi wawili tu, mama na mimi, katika vyumba viwili mtaani Nyakabiga. Dada zangu wote wameolewa. Mama ni mshonaji. Anashona nguo za watu kwa cherehani ya miguu iliyo karibu na mlango, na mikono yake ikikosa nguo, inafuma. Hakuna kitu nyumbani kwetu kilichokuwa uchi. Televisheni ilikuwa na kitambaa chake, redio ilikuwa na chake, jagi la maji lilikuwa na chake chenye shanga pembeni ili upepo usikibebe. Hata rimoti ilikuwa na kifuko. Nilipoleta kompyuta, mtumba kutoka ofisi iliyokuwa inafungwa, mama aliizunguka mara mbili bila kuuliza ni ya kazi gani, akaipima kwa shubiri, akaenda kutafuta uzi. Alifuma Ramadhani nzima. Siku ya Idi kompyuta ikavaa nguo mpya: zambarau yenye maua meupe, kutoka utosini mpaka miguuni, mbele na nyuma.

Nilijua kwamba mashine kama ile inataka kupumua. Lakini kitambaa kile kilikuwa kitu pekee ambacho mama aliwahi kukifanya kwa ajili ya uandishi wangu, na sikuwa na moyo wa kukivua. Mbele nilikipandisha kidogo nipate kitufe cha kuwashia. Nyuma nikakiacha kishuke mpaka chini.

Maana habari za riwaya yenyewe mama hakuwahi kuniuliza. Kusoma anajua; anasoma Kurani, anasoma barua, anasoma hata maandishi madogo kwenye vifungashio vya nyuzi. Siku moja nilichapisha sura mbili za mwanzo nikamwekea karibu na cherehani. Wiki moja baadaye nikaiona sura ya pili ukutani, imening'inia kwenye msumari, imekatwa umbo la kola. Alikuwa ameifanya patroni ya gauni la mteja. "Nilizani ni karatasi ya kutupa," aliniambia, "iko na michoro mwekundu kila pahali." Michoro myekundu ilikuwa masahihisho yangu. Kola, lazima niseme, ilitoka vizuri sana.

Sikutaka sifa kwake. Sifa nilikuwa nazipata kwa wenzangu wa Jumamosi, waandishi saba tunaokutana kwenye darasa tupu na kusomeana. Kwa mama nilitaka neno moja tu, lile ambalo msikilizaji humwambia msimulizi anapositasita: halafu? Nilitaka aniulize mara moja, akiwa na pini mdomoni, akiwa ameacha kazi: halafu?

Basi feni ikafa, nami nikaenda kumwita fundi.

Namfahamu fundi yule tangu utotoni. Tulikaa mkeka mmoja kwenye chuo cha Kurani, tukijifunza alifu na bee, na tayari wakati ule alikuwa na kipaji kilichoniudhi: mwalimu akiuliza swali, yeye asipojua jibu, alisema jambo lingine la kuchekesha, na fimbo ikasahaulika. Mimi niliyejua jibu sikukumbukwa na mtu. Sasa alikuwa na meza yake mitaa miwili kutoka kwetu, chini ya bati, iliyojaa redio zilizopasuliwa matumbo. Aliniona nimesimama mbele yake na maelezo marefu ya ugonjwa, akanisikiliza, kisha akasema, "Sha, we unasema kama barua. Twende nione."

Alivua viatu mlangoni, akamsalimu mama kwa kuinama, akakataa kiti. Akaketi sakafuni mbele ya kompyuta. Jambo la kwanza alilolifanya lilinichoma, na sikujua bado kwa nini. Alikivua kile kitambaa cha zambarau polepole, akakikunja mara nne, akamrudishia mama kwa mikono miwili.

"Mama, hii ulifuma na mikono?"

"Na nini ingine? Na miguu?"

"Wallahi mi nilizani ni ya Dubai."

Mama akacheka. Cherehani ikasimama.

Fundi akafungua kasha. Nilimulika kwa tochi ya simu. Vumbi lilikuwa limetanda ndani kama unga wa muhogo, na katikati yake feni ndogo, pana kama kiganja, imekwama. Akaichomoa, akaileta karibu na macho. Nami nikaona alichokiona. Kwenye mhimili, pale panga zinapoanzia, palikuwa na nyuzi zimejizungusha raundi kwa raundi, kama nywele kwenye kitana. Nyuzi za zambarau. Kitambaa cha mama kilikuwa kimenyonywa kidogo kidogo, kikaifunga feni shingo mpaka ikakosa pumzi.

Fundi aliniangalia. Akamwangalia mama, aliyekuwa amesimama nyuma yetu. Kwa ncha ya bisibisi akazikata zile nyuzi, akazikusanya kiganjani, akafumba ngumi.

"Eh, mama, ni vumbi," akasema. "Vumbi ya Nyakabiga iko na miguu. Haibishe hodi."

"Si nilikuambia!" mama akanigeukia. "Nilikuambia vumbi ni mubaya. Bila kile kitambaa ingelikufa zamani."

"Kitambaa kimeisaidia sana," fundi akasema, bila kupepesa jicho.

Nilibaki na simu yangu mkononi, nikimulika ngumi iliyofumbwa. Miaka mitatu nilikuwa natafuta sentensi inayoweza kumvika mtu heshima. Huyu aliipata kwa pumzi moja, na mikono ina vumbi.

Kisha akauliza, "Mama, mafuta ya cherehani haikosekane hapa?"

Mama akaenda mwenyewe. Nikimwomba chumvi huniambia nina miguu. Kwa fundi alikwenda, akarudi na kichupa chake chenye mdomo mrefu. Fundi akabandua karatasi ndogo katikati ya feni, akatoa kizibo cha mpira kidogo kuliko punje ya dengu, akadondosha tone moja. Moja tu.

"Ni kama cherehani, mama. Kila kitu inazungukaka inaomba mafuta."

"Ila si ile mafuta wanauza siku hizi, inanuka petroli."

"Ile inaua mashine, mama! Ile ni sumu!"

"Mi nawaambiaka, hawasikie."

Wakaendelea hivyo, juu ya mafuta, juu ya sindano zinazovunjika, juu ya skrubu za zamani na skrubu za leo, watu wawili wanaoishi kwa vitu vinavyozunguka. Mimi niliendelea kushika tochi. Feni ilikuwa haihitaji mwanga tena.

Tulipokuwa tunangoja mafuta yaingie, fundi akaegemea ukuta.

"Mama, hii yenu ni ugonjwa mudogo. Njoo uone nyumba moja nafanya kazi kule Gasenyi. Ni ya ndugu wawili. Baba yao alikufa, akawaachia nyumba na frigo moja ya kugandisha samaki, kubwa kuliko mulango. Wakagombana. Wakajenga ukuta katikati ya nyumba, mupaka juu. Lakini frigo ilikuwa pale pale katikati, na hakuna mwenye alikubali itoke. Basi ukuta ikaizunguka. Mulango ya frigo ikabaki kwa mukubwa. Mugongo na waya ikabaki kwa mudogo."

"Astaghfirullah," mama akasema. Alikuwa ameketi. Sikumwona akiketi.

"Mukubwa anaweka samaki yake ya kuuza. Mudogo akikasirika, anachomoa waya. Mukubwa akisikia frigo imenyamaza, anakamata muchi wa kutwangia, anapiga ukuta. Mudogo anarudisha waya. Hivyo hivyo, miaka."

Mama aliegemea mbele, mkono shavuni, uzi umening'inia kwenye kidole.

"Halafu?" akasema.

Naapa nilisikia neno lile likinipita karibu na sikio, kama jiwe lililorushwa kwa mwingine. Halafu. Neno langu. Nililolingoja kwa sura kumi na nne, na fundi alipewa kwa frigo.

"Halafu nitakuambia siku nyingine, mama," fundi akajibu, akisimama. "Hii feni itatembea siku kidogo tu, mhimili imelika. Nitatafuta ingine."

Siku zilizofuata niliandika vibaya. Feni ilizunguka, lakini iliyumba, na kila ilipoyumba niliona mama amekaza sikio upande wa mlango. "Fundi haji leo?" Alisema vile mara moja, akasema mara mbili. Jumamosi niliwasomea wenzangu sura ya kumi na nne. Walifumba macho. Mmoja alisema sentensi zangu zinapumua. Mwingine alisema nimelitendea haki ziwa letu. Walipomaliza nikawaangalia mmoja mmoja, nikingoja. Hakuna aliyetaka kujua kinachotokea sura ya kumi na tano. Wakachukua mifuko yao.

Mara ya pili fundi alikuja kwa miguu kutoka Mutanga Nord, jasho limemlowesha, na feni aliyoitoa kwenye kompyuta mbovu ya mtu. Ilikuwa pana mno, haikuingia. Nilidhani mama atasikitika. Alileta sambusa. Sambusa, kwetu, ni za Idi na za posa.

"Kula, mwanangu. Umetembea. Na ile frigo?"

"Mama, juzi mukubwa akaniita. Frigo inanguruma lakini samaki inaoza. Nikafungua mulango, nikaangalia ndani: hakuna kitu. Ugonjwa iko nyuma. Na nyuma ni kwa mudogo. Nikatoka, nikazunguka nyumba, nikabisha. Mudogo akafungua nusu. Akaniuliza: we umetumwa na nani?"

"Ukasema nini?"

"Ningesema nimetumwa na ndugu yake, angefunga. Ningesema nimejileta, angeniita mwizi. Nikasema: nimetumwa na frigo."

Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Nilicheka pia, kicheko kikanitoka kabla sijakizuia, na nikakichukia. Nilikuwa naisikiliza hadithi ile kwa sikio la kazi. Niliona jinsi anavyoweka kizuizi mbele ya kila mlango. Niliona pia kwamba ugonjwa wa frigo ulikuwa unaanza kufanana sana na ugonjwa wetu. "Nyuma kule kuna vantilateri ndogo," akasema, "kama hii yenu. Imekwama." Basi hata feni yangu alikuwa ameichukua, akaitia kwenye hadithi yake, na huko ikazunguka vizuri kuliko kwangu.

Wiki ile mama alianza kufuma kofia. Ya buluu, yenye mstari mweupe, kazi ya macho. Aliniita mara tatu nimwinamishie kichwa apime. Nilihisi vidole vyake juu ya masikio yangu, na uchungu wote ukanitoka. Nilimwinamishia muda mrefu kuliko alivyohitaji. Niliandika kurasa tano siku hiyo, na mashine iliyumba na kunguruma nami sikujali.

Mara ya tatu fundi alikuja na feni ya kipimo chake. Akaifunga kwa skrubu nne, akachomeka waya, akawasha. Tukasubiri sauti. Haikuja. Taa ndogo ya kijani iliwaka, hewa ikatoka nyuma ya kasha, laini kama pumzi ya mtoto aliyelala, na chumba kikawa kimya hata tukasikia jirani akipepeta mchele uani kwake.

"Iko inatembea?" mama akanong'ona.

"Inatembea, mama. Feni nzuri ni ile haijisifu."

Mama akaenda kwenye sanduku lake. Akarudi na ile kofia ya buluu, akamvika fundi kwa mikono yake mwenyewe, akasogea nyuma kuangalia. Ilimkaa kama aliyezaliwa nayo.

"Nilipima kwa huyu," akasema, akininyooshea kidole. "Nikajua vichwa vyenu ni moja."

Sijui uso wangu ulikuwaje. Fundi aliniangalia, na nadhani aliona, kwa sababu aliharakisha kuketi na kuanza hadithi bila kuombwa. Alisema saruji ya ukuta ilikuwa imedondoka ndani ya ile feni ya Gasenyi. Ili aifikie, frigo ilitakiwa isogee kiganja kimoja tu kuelekea kwa mkubwa. Mtu mmoja hawezi. Mkubwa avute upande wake, mdogo asukume upande wake, kwa pamoja. Na ndugu wale hawajasemezana tangu matanga ya baba yao.

"Basi nikasimama inje, katikati ya milango mbili, wote wanisikie. Nikawaambia: mi nitahesabu. Nikifika tatu, mukubwa avute, mudogo asukume. Hakuna wa kusema neno. Mi tu nitasema. Wakanyamaza. Nikahesabu: Moja..."

Mama alishika ukingo wa meza.

"Mbili..."

Hapo adhana ya alasiri ikaanza kutoka msikitini. Fundi akafunga mdomo, akakusanya bisibisi zake, akarekebisha kofia yangu kichwani mwake.

"Tatu utanidai, mama," akasema, akacheka, akaenda kuswali.

Mama alibaki anatabasamu, macho mlangoni. Nami nikasema. Sikupanga. Wivu haupangi, unachuchumaa tu ukingoja mlango wazi.

"Mama, haikuwa vumbi."

"Nini?"

"Iliyoua feni. Ilikuwa uzi wako. Kitambaa chako ndicho kilichoinyonga. Fundi aliuona, akaufumba mkononi, akakudanganya. Kila anachokuambia ni uongo vile vile."

Alikuwa anatunga uzi kwenye sindano. Alimaliza kuutunga. Akafunga fundo.

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Mi nashindwa kujua uzi yangu? Niliona rangi ikitoka kati ya vidole yake. Nikasema moyoni: huyu mutoto wa watu amenisitiri. Na mi nikamusitiri, nikafanya kama sioni." Hakupandisha sauti. "Tulikuwa tunafunikana, mi na ye, na ilikuwa vizuri. We umekuja kutufunua. Ulipata nini?"

 Ningekuwa fundi, kama siku zile za mkekani, ningesema jambo la kuchekesha.

Mama akainuka. Alianza na televisheni. Akakivua kitambaa chake, akakikunja. Redio. Jagi la maji. Rimoti akaitoa kifukoni. Cha kompyuta kilikuwa kimeshakunjwa juu ya kiti. Akakiweka juu ya vingine, akavifungia vyote sandukuni. Hakugombana, hakupiga kitu. Jua la alasiri liliingia likakuta kila kitu chetu kimekaa wazi, plastiki na mikwaruzo, na niliona kwa mara ya kwanza jinsi vyombo vyetu vilivyokuwa vya zamani.

Kwa siku tisa nilikaa mbele ya kompyuta isiyopiga kelele, na sikuandika kitu. Nilikuwa na tabia ambayo mngurumo wa feni uliificha: ninapoandika nasema maneno kwa sauti ya chini, kuyaonja. Sasa nilijisikia, na nilijua kwamba mama, upande wa pili wa pazia, ananisikia. Kila sentensi ilinirudia ikiwa imevaa vizuri na haina pa kwenda. Nikanyamaza. Cherehani yake ikawa ndiyo sauti pekee nyumbani.

Nilipita mezani kwa fundi kumwomba radhi, ingawa yeye hakujua kosa. Nilimkuta jirani yake akilinda redio. Fundi amekwenda Rumonge, akaniambia, kuna kazi ya mashine za mawese, atakaa huko mwezi au zaidi. Nilirudi nyumbani nikiwa na habari ile kama mtu anayebeba yai. Nilitegemea kufurahi. Nilimwambia mama mlangoni.

"Rumonge," akasema. "Na tatu yangu?"

Akasimamisha cherehani. Kisha akafungua sanduku, akatoa kitambaa cha zambarau, akakikunjua magotini. Alishika ncha ya uzi upande wa nyuma, akavuta, na safu ya mwisho ikafumuka yote, maua yakipotea moja baada ya jingine. Akavuta safu ya pili. Nilielewa anachofanya: alikuwa anakipunguza nyuma, kiishie juu ya feni.

"We si muandishi?" akasema bila kuniangalia. "Sema tatu."

"Mama, hadithi si yangu."

"Nimekuuliza ni ya nani?"

Nikasimama katikati ya chumba. Nilijua anaisubiri sauti ya mwingine, na kwamba lolote nitakalosema litapimwa kwa kichwa cha yule mwingine. 

"Asubuhi ile," nikaanza, "mvua ilikuwa imekatika, na juu ya paa za Gasenyi wingu jembamba lilikuwa..."

"Mvua inatoka wapi? Walikuwa kwa mvua? Alihesabu moja, alihesabu mbili. Walivuta ao hawakuvuta?"

Nilifumba macho. Nikawatafuta ndugu wale gizani mwangu. Nikamwona mkubwa, mikono kwenye mlango wa frigo, samaki wake wananuka. Nikamwona mdogo upande wa pili, mgongo wa chuma ukimchoma tumbo. Kila mmoja anakijua kidole cha mwenzake tangu utoto, na hajakiona miaka.

"Fundi akasema tatu," nikasema. "Wakasukuma."

"Nani akasukuma?"

"Wote wawili."

Mikono ya mama ikasimama. "Wote? Si mukubwa avute?"

"Kila mmoja alisikia kwamba kuvuta ni kazi ya mwingine. Wakasukuma kwa nguvu zote, huyu huku, huyu kule. Frigo haikusogea hata unywele. Na hawakuachia, mama. Kila mmoja anasikia kupitia chuma kwamba kuna mtu upande ule anasukuma. Mkubwa akasema kimoyomoyo: kumbe bado ana nguvu, huyu mdudu."

Mama akacheka. Kicheko kifupi, cha puani, pini ikamcheza mdomoni.

"Wajinga," akasema. "Wajinga wawili." Uzi wa zambarau ulikuwa umelala magotini mwake, umejikunjakunja, bado unakumbuka maua. Akainua macho. "Halafu?"

Nilijua vizuri lilikotoka. Lilikuwa neno la frigo ya mwingine, ndugu wa mwingine, lililobaki chumbani kwetu baada ya mwenyewe kuondoka na kofia ya kipimo changu. Wivu haukunitoka, hata leo nikimwona amevaa ile kofia, naangalia pembeni. Lakini nyuma yangu feni ilikuwa inazunguka bila kujisifu, na mama alikuwa ananitazama mimi, akingoja.

Nikavuta kigoda karibu na cherehani, nikaendelea.